Sungura, punda na piko: jibu kwa mpambaji wa Langoni

Swali: Mimi ni mpambaji wa mabibi harusi hapa Langoni, Lamu. Hivi karibuni msichana mmoja anayeolewa alikataa poda na rangi ya midomo niliyomwekea, akasema kampuni inayovitengeneza hutesa sungura. Akaniuliza na vitu vyangu vingine, nikashindwa kumjibu. Baadhi ya makopo yangu yana picha ya sungura, mengine hayana. Naomba kujua kama ni kweli wanyama huteswa kwa ajili ya vipodozi, na ile picha ina maana gani. Tena, kitu ambacho hakikujaribiwa kwa mnyama nitajuaje kwamba hakitamdhuru mteja? Mimi hutumia pia hina na piko, ile rangi nyeusi ya kuchorea mikono, sijui kama navyo vinaingia katika jambo hili. Na vitu nilivyokwisha kununua, je, nivitupe?

Jibu: Dada yangu, msichana huyo hakukukosea adabu. Aliuliza jambo ambalo kila anayepaka kitu katika mwili wa mwenzake anapaswa kuweza kulijibu, nawe umefanya vyema kutafuta jibu badala ya kumridhisha kwa neno la kubahatisha. Nitakueleza kwa kirefu, kwani maswali yako yamefungamana, na nakuomba uvumilivu tutakapofika kwenye piko, kwa sababu nikiwa mfamasia wa hapa Malindi naona kwamba hapo ndipo penye madhara yaliyo karibu nawe zaidi.

Ni kweli kwamba wanyama wameteswa kwa ajili ya vipodozi, na katika baadhi ya nchi bado wanateswa. Jaribio linalojulikana kuliko yote lilielezwa mwaka 1944 na John Draize, mtaalamu wa sumu katika idara ya serikali ya Marekani inayosimamia chakula na dawa. Sungura mweupe hutiwa sehemu ya kumi ya mililita ya kitu kinachopimwa katika jicho moja, na jicho la pili likaachwa salama ili lilinganishwe na la kwanza. Kisha jicho hilo hukaguliwa baada ya saa 1, saa 24, saa 48 na saa 72, na pengine hadi siku ya 21, huku mkaguzi akiandika alama za wekundu, uvimbe, uchafu unaotoka na ukungu unaotanda juu ya konea, yaani kioo cha mbele cha jicho. Kwa miaka mingi jambo hili lilifanywa bila ganzi, na sungura akiwa amebanwa shingo katika kisanduku ili asiweze kujikuna kwa miguu yake. Sungura alichaguliwa kwa kuwa ni mpole, hana gharama kubwa, na macho yake ni makubwa. Lakini machozi yake ni machache kuliko ya binadamu, kwa hiyo kemikali ambayo jicho la mtu lingeiosha upesi hubaki katika jicho la sungura ikiendelea kuunguza. Mnyama huyo basi aliumizwa zaidi na wakati huohuo akatoa jibu lisilolingana na la mtu. Mwaka 1971 watafiti Weil na Scala walichapisha matokeo ya maabara zaidi ya 20 zilizopewa vitu vilevile kuvipima katika macho na ngozi za sungura, na ikaonekana kwamba maabara hizo zilitofautiana mno, hata kitu kimoja kikahesabiwa kikali mahali hapa na kisicho na neno mahali pengine.

Palikuwapo na majaribio mengine pia. Ngozi ya sungura ilinyolewa ikapakwa kemikali, na simbilisi, wale wanyama wadogo wa jamii ya panya, walipakwa na kudungwa kitu mara kwa mara ili ijulikane kama kinaleta mzio. Lilikuwapo pia jaribio lililobuniwa mwaka 1927 na J. W. Trevan, ambalo shabaha yake ilikuwa kutafuta dozi inayoua nusu ya wanyama waliopewa. OECD, ambalo ni Shirika la Ushirikiano wa Kiuchumi na Maendeleo na ndilo huandika miongozo ya kupima kemikali kwa nchi wanachama, liliufuta mwongozo wa jaribio hilo mwaka 2002.

Haitakuwa haki nikikueleza mateso hayo bila kukueleza yalianzaje, kwa kuwa waliofanya hivyo hawakuwa watu wa kupenda ukatili. Mwaka 1933 nchini Marekani iliuzwa rangi ya kope iliyoitwa Lash Lure. Wanawake walioitumia walivimba macho yakajaa vidonda, baadhi yao wakapofuka, na mmoja akafa. Wakati huo serikali haikuwa na sheria ya kuiondoa sokoni, na ghadhabu iliyofuata ilichangia kupitishwa kwa sheria ya mwaka 1938 iliyoviweka vipodozi chini ya usimamizi wa dola. Viwanda vikahitaji njia ya kuonyesha kwamba bidhaa zao hazipofui watu, na njia waliyoiona karibu ilikuwa sungura. Kemikali iliyowapofua wanawake hao iko madukani Lamu hadi leo, nami nitaitaja kwa jina baadaye.

Mambo yalianza kubadilika hadharani mwaka 1980, pale Henry Spira, mwanaharakati wa New York, alipoweka tangazo la ukurasa mzima gazetini akiuliza ni sungura wangapi kampuni ya vipodozi ya Revlon inawapofua kwa ajili ya urembo. Kampuni hiyo ikatoa fedha kwa Chuo Kikuu cha Rockefeller ili njia nyingine zitafutwe, na mwaka uliofuata kikaanzishwa kituo cha utafiti wa namna hiyo katika Chuo Kikuu cha Johns Hopkins. Uingereza iliacha kutoa vibali vya majaribio ya vipodozi kwa wanyama mwaka 1998. Umoja wa Ulaya ulikataza kupima bidhaa zilizokamilika mwaka 2004, ukakataza kupima viambato mwaka 2009, na kuanzia tarehe 11 Machi 2013 ukafunga soko lake kwa kipodozi chochote ambacho chenyewe au kiambato chake kimejaribiwa kwa wanyama kwa ajili ya urembo baada ya hapo, hata kama jaribio lilifanywa upande wa pili wa dunia. India ilifuata mwaka 2014, kisha Australia, Mexico na Kanada. China ndiyo iliyoleta utata kwa muda mrefu, kwa kuwa sheria yake ilitaka vipodozi vipimwe kwa wanyama. Ililegeza sharti hilo mwaka 2014 kwa bidhaa za kawaida zinazotengenezwa nchini humo, na tangu Mei 2021 bidhaa za kawaida zinazoingizwa kutoka nje zinaweza kusamehewa zikiwa na hati zinazotakiwa. Rangi za nywele, krimu za kuzuia miale ya jua na krimu za kung'arisha ngozi hazimo katika msamaha huo. Ndiyo maana msichana wako anaweza kusema kweli kuhusu kampuni inayouza Ulaya bila kumgusa sungura huku ikikubali wanyama wapimwe kwa ajili ya soko jingine.

Hata Ulaya mlango haukufungwa wote. Sheria yake ya kemikali kwa jumla, iliyoanza kutumika mwaka 2007, inawalinda pia wafanyakazi wanaozishika kemikali hizo viwandani, na Novemba 2023 mahakama ya Umoja wa Ulaya iliamua kwamba kampuni ya Symrise ingelazimika kupima kwa wanyama viambato viwili vinavyotumika katika krimu za jua peke yake. Nakwambia haya ili usije ukamwapia mteja kwamba kitu kimetoka Ulaya na kwa hiyo hakina doa.

Kwa upande wetu wa Kenya, Sheria ya Kuzuia Ukatili dhidi ya Wanyama, Sura ya 360, inamtaka anayefanya majaribio juu ya mnyama awe na leseni, lakini haikutenga vipodozi na kuvipiga marufuku majaribio yake kama zilivyofanya nchi nilizozitaja. Shirika la Viwango, KEBS, huangalia usalama na ubora. Alama yake ya ubora kwenye kopo, au stika ya bidhaa iliyotoka nje, inakwambia kwamba kitu kimepita kwenye viwango. Haisemi lolote kuhusu sungura. Usiache kuitafuta kwa sababu hiyo, kwani ina kazi yake.

Sasa tuje kwenye picha ya sungura. Maneno "haijajaribiwa kwa wanyama" hayana maana moja iliyowekwa na sheria, hata Marekani kwenyewe. Idara yao ya chakula na dawa imesema wazi kwamba hakuna tafsiri ya kisheria ya maneno hayo. Kampuni inaweza kuyaandika ikikusudia kwamba bidhaa iliyokamilika haikupimwa, ilhali viambato vyake vilipimwa. Au kwamba yenyewe haikupima, ilhali ilimlipa mwingine apime. Mtu yeyote mwenye mashine ya kuchapa anaweza kuchora sungura. Kwa hiyo uliza ni sungura wa nani.

Sungura anayeruka, mwenye nyota mbili, ni alama ya Leaping Bunny, mpango ulioanzishwa na muungano wa mashirika ya kutetea wanyama mwaka 1996 huko Amerika Kaskazini, ambao nje ya huko husimamiwa na Cruelty Free International ya Uingereza. Kampuni inayotaka alama hiyo huweka tarehe, na baada ya tarehe hiyo yenyewe, maabara zake na wanaoiuzia viambato hawaruhusiwi kupima kwa wanyama. Hutoa maandishi ya kila msambazaji, hukaguliwa na watu wa nje, na huthibitisha upya kila mwaka. PETA, shirika jingine la kutetea wanyama, nalo lina alama yake yenye sungura, ambayo kwa kiasi kikubwa husimama juu ya tamko na majibu ya kampuni yenyewe. Mimi naipa alama ya kwanza uzito zaidi kwa sababu ya ukaguzi. Mashirika yote mawili yana orodha zao kwenye intaneti, na jambo la kufanya ni kuandika jina la kampuni katika orodha hizo kwa simu yako kabla ya kuamini kopo, hasa bidhaa zinazoletwa kutoka Mombasa au Dubai bila boksi lake, kwani anayeghushi krimu hashindwi kughushi sungura.

Kumbuka pia kwamba alama hutolewa kwa kampuni au kwa chapa yake, na chapa huuzwa na kununuliwa. The Body Shop, iliyoanzishwa na Anita Roddick mwaka 1976 na kujulikana sana kwa kupinga majaribio haya, ilinunuliwa mwaka 2006 na L'Oréal, kampuni kubwa ya vipodozi isiyokuwa na alama hiyo, na wateja wengi wakajiuliza kama fedha yao bado inakwenda mahali walipokusudia. Wengine huangalia chapa peke yake, wengine huangalia mmiliki. Hilo ni la dhamiri ya mnunuzi, na ukimweleza msichana wako ukweli utamwachia achague mwenyewe.

Nakuja kwenye swali lako lililo zito zaidi, nalo ni usalama. Wengi hudhani kwamba kitu kisichopimwa kwa mnyama hakikupimwa kabisa. Sivyo. Siku hizi maabara huotesha ngozi ya binadamu katika vikombe vidogo, ikitokana na seli za ngozi iliyobaki baada ya upasuaji na kutolewa kwa idhini. Seli hizo hupangika tabaka juu ya tabaka mpaka zikawa na gamba la juu kama la ngozi yako. Kiambato hupakwa juu yake kwa muda uliowekwa, kikaoshwa, kisha ngozi hiyo hutiwa rangi ya manjano ambayo seli zilizo hai huigeuza kuwa zambarau. Kadiri zambarau inavyokuwa hafifu ndivyo seli zilizokufa zilivyo nyingi, na zikibaki hai nusu au pungufu, kitu hicho huandikwa kuwa kinachubua. OECD iliukubali mwongozo wa jaribio hili mwaka 2010, na nchi wanachama hulazimika kuyapokea matokeo yake.

Kwa jicho hutumiwa konea za ng'ombe waliokwisha kuchinjwa kwa ajili ya nyama, zilizotolewa machinjioni siku ileile. Hupimwa ni kiasi gani cha mwanga kinachopita baada ya kemikali kuwekwa, na kama kitu kinapenya. Mwongozo wake ni wa mwaka 2009, na tangu mwaka 2015 upo pia wa tishu iliyooteshwa kwa seli za binadamu mfano wa konea. Mzio ulikuwa mgumu zaidi, kwa sababu hauishii kwenye ngozi bali huhusu askari wa mwili mzima. Hapo wataalamu waliuvunja mwendo wake vipande vipande, wakapima kwanza kama kemikali inashikamana na protini, kisha kama seli za ngozi zinatoa ishara ya hatari, kisha kama seli za kinga zinaamka, na mwaka 2021 OECD ikatoa mwongozo wa kuyaunganisha majibu hayo kuwa hukumu moja.

Zaidi ya hayo, sehemu kubwa ya vitu unavyopaka si vipya. Glisirini, mafuta ya nazi, nta ya nyuki, vaselini na mafuta ya ufuta vimetumiwa na binadamu kwa muda mrefu na tabia zake zinajulikana. Mtengenezaji anayetumia viambato vya aina hiyo hana haja ya kumtesa mnyama ili kujua kile ambacho kimekwisha kujulikana. Bado kuna mahali ambapo njia mpya hazijatosha, kama vile kujua athari ya kiambato kipya kinachoingia mwilini kwa miaka mingi, au athari yake kwa mimba. Kwangu mimi upungufu huo unatuelekeza kwenye viambato vya zamani tulivyovizoea, kwani hakuna harusi iliyoharibika kwa kukosa rangi mpya ya midomo.

Na sasa piko. Hina halisi ni majani ya mhina, Lawsonia inermis, na rangi yake hutoka kwenye kitu kiitwacho lawsoni ambacho hushika ngozi polepole, kikaanza na rangi ya chungwa na kuiva kuwa nyekundu ya damu ya mzee au kahawia baada ya siku moja au mbili. Hina haiwi nyeusi ti, wala haiivi kwa nusu saa. Piko inayochorwa siku hizi ni rangi nyeusi ya nywele iliyokorogwa na kuwekwa moja kwa moja juu ya ngozi, na kinachoitia weusi ni parafenilenidiamini, inayoandikwa PPD au "p-phenylenediamine" kwenye boksi. Hiyo ndiyo kemikali iliyokuwa ndani ya Lash Lure mwaka 1933.

Sheria ya Ulaya huiruhusu PPD katika rangi ya nywele isizidi asilimia 2 inapofika kichwani, ikae kwa dakika chache na kuoshwa, na haikubali kabisa ipakwe ngozini. Idara ya Marekani niliyoitaja nayo haikuiidhinisha kwa ngozi. Kwetu unga hufunguliwa, hutiwa maji kwa kukadiria, huchorwa kuanzia vidole mpaka kwenye kiwiko, huachwa ukauke, na hakuna aliyepima ni asilimia ngapi. Chembe za PPD ni ndogo, hupenya ngozi na kushikamana na protini za mwili, na askari wa mwili wakishazitambua kuwa adui hawazisahau tena. Ndiyo sababu mteja anaweza kuchorwa mara ya kwanza asipate neno, akakusifu kwa wenzake, na mara ya pili, pengine akiwa harusini kwa dada yake, mkono ukavimba na malengelenge yakatoka yakifuata kila ua na kila jani ulilochora. Kinamama hunijia dukani na mikono ya namna hiyo, na baadhi yao hubaki na kovu au weupe wenye umbo la mchoro. Balaa haliishii hapo, kwa sababu aliyepata mzio wa PPD hubaki nao maisha yake yote: akija kupaka nywele rangi akiwa mtu mzima uso unaweza kuvimba mpaka macho yakafumba, na pengine mwili wake ukakataa baadhi ya dawa za ganzi na rangi za vitambaa zilizo jamaa ya kemikali hiyo.

Dada yangu, hapa ndipo swali la msichana wako lilipo na uchungu wake. Nguvu ya PPD ya kuleta mzio inajulikana vyema. Imeonekana kwa binadamu walioumia, na imepimwa kwa simbilisi na panya tena na tena, hata ikawa hutumiwa maabara kama mfano wa kemikali yenye mzio mkali. Wanyama hao waliumizwa ili sisi tujue. Tukijua kisha tukaipaka vilevile, mateso yao yamekwenda bure, na jaribio linaendelea juu ya ngozi ya binti wa watu, bila kipimo, bila anayeandika matokeo, na bila yeye kujua kwamba anajaribiwa. Siwezi kumsifu mpambaji anayeikataa rangi ya midomo kwa ajili ya sungura kisha akamchora bibi harusi kwa PPD.

Iache piko. Rudi kwenye hina, uinunue ikiwa majani au unga wenye harufu ya majani makavu, uikoroge na maji ya ndimu na matone ya mafuta ya karafuu au mkaratusi, na uiache usiku kucha siku mbili kabla ya harusi ili iive sawasawa. Boksi lililoandikwa hina nyeusi lisome viambato vyake kabla ya kulilipia, na lisiloandikwa viambato usilinunue. Kwa watoto wachanga hata hina halisi usiipake, kwani kuna watoto wanaozaliwa na upungufu wa G6PD, kitu kinacholinda chembe nyekundu za damu, hali inayopatikana sana katika nchi zenye malaria kama pwani yetu, na lawsoni inaweza kuvunja chembe za damu zao. Krimu za mkorogo zenye zebaki au haidrokwinoni, ambazo zimepigwa marufuku nchini, pamoja na wanja wa jiwe wenye risasi, madhara yake yamekwisha kuthibitika, na hakuna alama ya sungura itakayovitakasa.

Liko jambo ambalo msichana wako hakuuliza lakini huenda akaliuliza kesho, nalo ni mnyama aliyemo ndani ya kipodozi chenyewe. Alama ya sungura huhusu kupimwa tu. Rangi ya midomo yenye alama hiyo inaweza kuwa na kamini, rangi nyekundu inayotokana na wadudu waliokaushwa, ambayo kwenye viambato huandikwa CI 75470. Krimu nyingi za uso zimewahi kutiwa skwaleni ya ini la papa, mafuta ya jamaa moja na sifa, yale mafuta ya papa tunayopaka majahazi, ingawa leo inapatikana ya mizeituni na ya miwa. Zabadi, manukato ambayo mabibi wa mwambao waliithamini tangu zamani, hukwanguliwa kutoka kwa ngawa anayefungwa katika tundu jembamba, na Ethiopia ndiko ilikotoka kwa wingi. Harufu yake sasa hutengenezwa viwandani, na sioni sababu ya mtu kuitafuta ile ya tundu. Udi, karafuu, asumini, mkadi na liwa havina mnyama ndani yake.

Linalowahusu zaidi watu wa Lamu ni punda. Kisiwa chenu kinabebwa na punda, na tangu mwaka 1987 kina kliniki ya wanyama hao iliyofunguliwa na The Donkey Sanctuary ya Uingereza. Ngozi ya punda huchemshwa ikatolewa gundi iitwayo ejiao, ambayo huko China huliwa kama dawa na kutiwa pia katika bidhaa za urembo. Kwa ajili yake machinjio ya punda yalifunguliwa Kenya kuanzia mwaka 2016, wizi wa punda ukaenea, na familia zilizotegemea mnyama mmoja kuchota maji zikabaki zinajitwika wenyewe. Februari 2024 viongozi wa Umoja wa Afrika walikubaliana kuizuia biashara ya ngozi hizo kwa miaka 15. Ukiletewa krimu yenye jina ejiao, irudishe.

Kwa kuwa wateja wako wengi ni Waislamu, watakuuliza pia kuhusu alama ya halali. Alama hiyo hutazama hasa najisi, nguruwe na ulevi katika viambato na utengenezaji, kwa hiyo usiichukue kuwa ushahidi wa sungura. Lakini dini yenyewe haikunyamaza juu ya wanyama. Sote tumesomeshwa hadithi ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa sababu ya paka aliyemfungia bila chakula wala kumwachia ajitafutie. Msichana wako hakuleta jambo geni Langoni.

Vitu ulivyokwisha kununua, vilivyo salama na ambavyo muda wake haujapita, usivitupe, kwani sungura aliyeumizwa hatapona kwa wewe kumwaga poda, na israfu haina faida kwa yeyote. Vitumie kwa mteja asiyejali baada ya kumwambia, na vikiisha ununue vya kampuni uliyoihakiki. Msichana wako mwambie wazi kipi kimo katika orodha ya Leaping Bunny, kipi hakimo, na kipi hujakijua bado. Rangi za nywele zenye PPD zibaki kuwa za nywele: fuata kipimo cha boksi, mjaribu mteja mtu mzima kidogo nyuma ya sikio saa 48 kabla, na ukiona wekundu au mwasho usiendelee. Wewe mwenyewe vaa glavu za naitrili kila unapoikoroga na kila unapoiosha, kwa sababu mteja huigusa mara moja kwa miezi kadhaa nawe unaigusa kila wiki, na mzio huu huwapata sana wapambaji, ukaanzia kwenye ncha za vidole.